Mche katika Darubini ya Kulengea, na Upimaji wa Viunga vya Dar es Salaam

Maandishi ya Kiswahili juu ya darubini ni machache, na juu ya darubini ya kulengea ni machache zaidi. Sababu si ugeni wa chombo chenyewe, kwa maana hapana kiwanja kilichopimwa Temeke wala Kinondoni ila mipaka yake ilipita kwanza katika jicho la mtu aliyechungulia darubini ya namna hiyo. Nadhani sababu ni kwamba kazi hii imeachiwa mafundi, na mafundi hawaandiki. Katika kurasa hizi nakusudia kueleza jinsi kipande cha kioo kiitwacho mche kilivyoingia katika darubini, kilifanya kazi gani humo, na kwa njia gani kilifika katika viunga vya mji wetu. Maneno yenyewe nayo yana historia yake, na kwa wasomaji wa jarida hili yafaa nianze nayo.

Neno darubini limekuwamo katika Kiswahili kwa muda mrefu. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka wa 1939 inalo. Asili yake ni Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni shina la kitendo cha kuona. Wahindi wanalo vilevile, na Waarabu wa Ghuba husema darbil, basi si rahisi kuamua kama lilishuka pwani na mabaharia wa Ghuba au na wafanyi biashara wa Bara Hindi. Pengine lilikuja kwa njia zote mbili. Neno hadubini, la chombo cha kuonea vitu vidogo, nadhani limetokana na khurdbin la Kiajemi, yaani chenye kuona kidogo, na masikio yetu yakalilinganisha na ndugu yake mkubwa.

Mche ni habari nyingine. Mtoto wa shule ya msingi hujifunza mche mstatili, mche duara na mche wa pembetatu, naye huelewa upesi kwa sababu nyumbani amekwisha kutumwa dukani kununua mche wa sabuni. Sabuni ile ndefu, ambayo mwenye duka huikata vipande na kila mkato una umbo lile lile, ndiyo sura kamili ya maana tunayoitaka. Wapimaji wa ardhi wa leo husema prizimu, wala siwalaumu, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Lakini palipo na neno la wenyeji linaloeleza umbo la kitu kuliko lile la kukopa, sioni sababu ya kuliacha. Katika makala hii, basi, mche ni kipande cha kioo safi kilichochongwa nyuso bapa, ambacho mwanga huingia upande mmoja na kutokea upande mwingine ukiwa umegeuzwa njia.

Darubini ilidhihirika Ulaya mwaka wa 1608, pale Hans Lippershey, mtengeneza miwani wa Uholanzi, alipoomba hati ya kuimiliki. Mwaka uliofuata Galileo alijitengenezea yake. Ilikuwa na lenzi mbinuko mbele na lenzi mbonyeo jichoni, nayo ilionyesha mambo wima kama yalivyo. Lakini kwa kulengea haikufaa, na sababu yake ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Katika darubini ya Galileo mwanga hauwahi kukutana na kufanya taswira ndani ya bomba. Lenzi ya jichoni huudaka kabla haujafika mahali pa kukutana. Kwa hiyo hapana mahali ndani ya bomba ambapo mtu aweza kutia alama ikaonekana juu ya kitu anachokitazama.

Mwaka wa 1611 Johannes Kepler alieleza darubini yenye lenzi mbili, zote mbinuko. Humo lenzi ya mbele hufanya taswira halisi ndani ya bomba, nayo lenzi ya jichoni huikuza taswira hiyo kama vile mzee akuzavyo herufi za msahafu kwa kioo cha mkononi. Faida ya mpango huu iligunduliwa miaka kama thelathini baadaye na Mwingereza William Gascoigne, kijana aliyeuawa vitani mwaka wa 1644. Husimuliwa kwamba buibui aliingia katika chombo chake akatandaza uzi mahali hasa taswira ilipokuwa, na Gascoigne alipochungulia aliona ule uzi na kitu alichokitazama vyote viwili vikiwa wazi kwa mara moja. Iwe buibui alihusika au hakuhusika, jambo lenyewe ni kweli: uzi uliowekwa mahali pa taswira huonekana kama umechorwa juu ya kitu kilicho mbali. Hapo darubini iliacha kuwa chombo cha kutazamia tu, ikawa chombo cha kulengea.

Hapa Kiswahili kinatutega kidogo. Nyuzi ni zile kamba nyembamba zinazokatana katikati ya darubini, na nyuzi ni vile vipimo ambavyo 90 kati yake hufanya pembe mraba. Mwalimu asemaye, “Zungusha nyuzi 30 kisha weka nyuzi juu ya alama,” ataeleweka na mwanafunzi aliyekwisha kukishika chombo, lakini asiyekiona atapotea. Mimi nitasema msalaba kwa zile za darubini, na nyuzi kwa zile za pembe.

Msalaba huo sharti uwe mahali pa taswira kabisa. Ukiwa mbele au nyuma yake hata kwa kiasi kidogo, mtu akisogeza jicho ataona msalaba ukihama juu ya shabaha, kama mti wa karibu unavyohama mbele ya mlima mtu anapotembea. Ndiyo maana mpimaji mwangalifu, kabla ya kuandika hesabu yoyote, hutikisa kichwa kidogo mbele ya chombo. Watu wapitao hudhani anakataa jambo.

Lakini darubini ya Kepler ina kasoro moja, nayo ni kuonyesha dunia kichwa chini. Mtazama nyota hajali, maana nyota haina miguu. Mpimaji wa ardhi naye alizoea. Kwa muda mrefu theodolaiti zilionyesha mshika fimbo akining’inia kutoka mbinguni, na mwanafunzi alifundishwa kusoma tarakimu zilizopinduka. Askari na baharia, ambao lazima waamue upesi kama kitu kinakwenda kulia au kushoto, hawakuweza kustahimili hayo. Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza lenzi nyingine za kuipindua taswira mara ya pili, na bomba likawa refu kama bakora.

Mtu aliyepata dawa iliyo bora alikuwa Ignazio Porro, ofisa wa mizinga wa Kiitalia ambaye pia alitengeneza vyombo vya kupimia ardhi. Hati yake ni ya mwaka wa 1854. Porro alichukua miche miwili, kila mmoja ukiwa na pembe moja ya nyuzi 90 na mbili za nyuzi 45. Mwanga huingia kwa uso mpana, hupiga uso wa kwanza mwembamba, hutupwa kwenye wa pili, kisha hurudi ulikotoka, ukiwa umegeuka juu chini. Mche wa pili umelazwa kinyume cha wa kwanza, nao hugeuza kulia kushoto. Kwa pamoja huirudisha taswira katika hali yake ya haki. Tena, kwa kuwa njia ya mwanga imekunjwa, bomba hupungua urefu.

Msomaji atauliza kwa nini mwanga usipenye na kutoka nje unapopiga ule uso wa ndani, hali hauna zebaki wala fedha nyuma yake. Jibu ni katika tabia ya kioo. Mwanga utokao ndani ya kioo kwenda hewani hupinda. Na kadiri unavyokuja kwa ulalo, ndivyo unavyozidi kupinda, mpaka hufika kiasi ambapo hauwezi kutoka kabisa. Kwa kioo cha kawaida kiasi hicho ni kama nyuzi 42. Katika mche wa Porro mwanga hupiga uso kwa nyuzi 45, yaani umepita mpaka kwa nyuzi tatu, basi wote hurudi ndani. Hapana kioo cha kujitazamia kinachoakisi kwa ukamilifu huo. Mpigambizi wa lulu ajua jambo hili bila kusoma: akiwa chini ya maji akitazama juu kwa ulalo, uso wa bahari humwonyesha mchanga wa chini badala ya mbingu.

Hata hivyo chombo cha Porro hakikuenea, kwani kioo cha siku zile kilikuwa na mapovu na mawimbi, na mwanga unaopita katika unene wa miche miwili huonyesha kila ila. Ilibidi kungoja mpaka Otto Schott alipoanzisha kiwanda chake cha kioo mjini Jena mwaka wa 1884, akishirikiana na Ernst Abbe na nyumba ya Carl Zeiss. Mwaka wa 1894 Zeiss walianza kuuza darubini za macho mawili zenye miche. Ukaja pia mche wenye paa, ambao nyuso zake mbili hukutana kama mapaa ya nyumba na kuwezesha bomba kuwa nyoofu. Lakini pembe ya paa hilo lazima iwe nyuzi 90 bila kukosea ila kwa sekunde chache za pembe, la sivyo mtu huona vitu viwili viwili. Ndiyo sababu chombo chenye paa kilikuwa ghali.

Chombo cha kulengea kilichotumia miche kwa werevu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kile kilichotengenezwa na nyumba ya Goerz ya Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ajili ya mizinga. Waingereza wenyewe walikiiga. Mpiga mzinga huchungulia mahali pamoja bila kugeuza kichwa, na mche ulio juu ya chombo huzungushwa kutazama upande wowote, hata nyuma. Shida yake ni kwamba mche wa juu unapozunguka, taswira nayo hulala ubavu. Wakaweka katikati mche wa tatu, wa aina iliyopewa jina la Heinrich Wilhelm Dove, wenye tabia ya kugeuza taswira mara mbili ya kiasi unachogeuzwa wenyewe. Basi meno ya magurudumu yalipangwa ili mche wa Dove uzunguke nusu tu ya mzunguko wa ule wa juu, na nusu hiyo ikizidishwa mara mbili hufuta ulalo wote. Kwa chombo hiki mzinga uliofichwa nyuma ya kilima haukuhitaji kuona adui: ulilenga mti au mnara wowote unaoonekana, na pembe kati ya mnara na adui ilitiwa katika chombo kwa hesabu.

Kwamba hesabu hiyo yataka jicho jingine mahali pengine, watu wa pwani hii walishuhudia mapema. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni, 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Siku ile wapiga mizinga waliiona shabaha yao kwa macho, na darubini iliwatosha. Baadaye Königsberg ilijificha katika mikono ya Rufiji, nyuma ya mikoko, na hapo darubini ya mzinga haikuonyesha ila majani. Wajerumani waliweka waangalizi katika nchi kavu ili wawapelekee habari za mahali risasi zinapoangukia. Waingereza walileta merikebu mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoundwa kwanza kwa ajili ya mito ya Brazil, wakazipa macho ya ndege zilizoruka kutoka Mafia. Tarehe 6 Julai, 1915, walipiga siku nzima wasiimalize. Tarehe 11 walirudi. Ndege ya Cull na Arnold ikapigwa, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha hali ndege inaanguka. Siku hiyo Königsberg iliangamia.

Mizinga yake kumi iliopolewa, ikakokotwa na mamia ya watu hata Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kutumika katika vita vya barani. Mmoja wapo umesimama Mombasa mpaka leo. Majina ya maofisa wa pande zote mbili yameandikwa vitabuni. Ya waliovuta kamba hayakuandikwa, na mtu akitaka kuandika historia ya mizinga ile kwa haki itampasa aanzie hapo.

Baada ya vita ufundi huu uligeukia ardhi. Mtu mkuu katika habari hii ni Heinrich Wild, mpimaji wa Uswisi aliyekuwa amefanya kazi kwa Zeiss tangu 1908. Husimuliwa kwamba akiwa kijana juu ya mlima alishikwa na tufani kabla hajamaliza kurekebisha theodolaiti yake, akashuka bila hesabu yoyote, na tangu siku hiyo akaapa kutengeneza chombo kisichohitaji marekebisho marefu. Katika theodolaiti za zamani mpimaji alilenga, kisha alizunguka chombo kusoma duara la nyuzi upande huu na upande ule, na kila hatua yake ilitikisa miguu mitatu ya chombo. Wild alifanya duara la kioo, akapanga miche ndani ili mwanga uzichukue alama za pande zote mbili za duara na kuzileta pamoja katika tundu moja, kando ya darubini. Mpimaji hakuwa na haja ya kuondoka alipo.

Faida yake si ndogo. Kosa la dakika moja ya pembe, kwa umbali wa kilomita moja, huhamisha alama kwa sentimita 29. Kosa la sekunde moja huihamisha kwa milimita 5 tu. Kati ya sentimita 29 na milimita 5 ndimo zilimo kesi nyingi za mipaka.

Chuo cha kwanza cha kufundisha wapimaji wa daraja la ufundi katika Tanganyika kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1956, mahali pa Mgulani, upande wa Temeke. Mwaka wa 1958 kilihamia upande wa kaskazini-magharibi, katika kile kilima ambacho Chuo Kikuu nacho kilikuja kukaa tangu 1964, na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Waingereza walikiita kilima hicho kwa jina lenye maana ya mahali pa kutazamia. Watu wa mji wakasema Mlimani, na mtaa wa wapimaji wakauita Savei, kama makondakta wa mabasi wanavyoita hata leo. Chuo kile kimekwisha kubadilika jina mara kadhaa, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi. Basi elimu ya kulenga ilisafiri kutoka Temeke hadi Kinondoni miaka mitatu kabla ya uhuru.

Kazi iliyowangoja wanafunzi wake ilikuwa kubwa. Ramani kuu ya mji ilichorwa mwaka wa 1949 na nyumba ya Alexander Gibb, nyingine mwaka wa 1968, nyingine 1979. Lakini ramani ni karatasi, na watu hawakungoja karatasi. Tangu 1974 ulikuwako mpango wa viwanja na huduma: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa, na Manzese na Tandika, zilizokwisha kujengwa, zikatengenezewa njia na maji. Tangu 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliofika Bunju na Mbweni kwa upande mmoja, na Tuangoma na Kibada kwa upande mwingine.

Katika kupima mitaa ya namna hii, chombo nipendacho kuliko vyote ni kidogo, hutoshea katika kiganja, na ndani yake mna mche wa nyuso tano. Mwanga huingia, huakisiwa na nyuso mbili zilizoinamiana kwa nyuzi 45, hutoka ukiwa umegeuka nyuzi 90 kamili. Nyuso hizo mbili hazina budi kupakwa fedha, kwa sababu hapa mwanga hupiga kwa nyuzi 22 na nusu, chini ya ule mpaka wa nyuzi 42, na usipozuiwa utapenya. Uzuri wake ni huu: mkono ukitetemeka, uso wa kwanza hukosea kwa upande mmoja na wa pili hukosea kwa kiasi kile kile kwa upande wa pili, na pembe mraba hubaki pembe mraba. Mpimaji huning’iniza timazi chini ya chombo, hutembea juu ya mstari wa barabara, na anapoziona fimbo za mbele na za ubavuni zimesimama moja juu ya nyingine, hapo ndipo pa kupiga kona ya kiwanja. Pembe za mitaa mingi huanza kwa kioo kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea.

Mche wa mwisho ni ule ambao watu huuona barabarani juu ya fimbo. Hauna jicho la kuchungulia. Ni kona ya kioo yenye nyuso tatu zilizo mraba kila mmoja kwa mwenzake, na mwanga ukiingia humo kwa upande wowote hurudi ulikotoka. Chombo cha kisasa hulenga mche huo kwa msalaba wa darubini, hurusha mwanga, na hupima muda wa kwenda na kurudi. Kwa umbali wa kilomita moja ni kama sehemu saba za milioni za sekunde. Lakini ndani ya kioo mwanga huenda polepole kuliko hewani, kwa hiyo kila aina ya mche ina kiasi chake cha kuongeza au kupunguza, na tofauti kati ya aina na aina huweza kupita milimita 30. Mpimaji akibadili mche asibadili kiasi hicho, kila umbali atakaoupima siku hiyo utakosea kwa kiasi kile kile, na hesabu zitaonekana safi kabisa. Kosa la kutetemeka hujidhihirisha, kwa maana kila kipimo hutofautiana na kingine. Kosa hili hukaa kimya ndani ya daftari, likahamia katika hati, na miaka ikipita jirani mmoja hukuta bikoni ipo ndani ya ukuta wa mwenzake kwa upana wa vidole viwili.

Siku hizi wapimaji wengi hupokea habari za mahali kutoka satelaiti, na katika nyanja zilizo wazi za Bunju kazi huenda upesi. Katika vichochoro vya Manzese na Tandika, ambako mabati hugusana na mwembe hufunika ua mzima, mbingu haionekani ya kutosha. Huko theodolaiti husimamishwa penye njia panda, mtu hutangulia na fimbo mpaka kona ya nyumba, na mche hutolewa tena katika sanduku lake.